Kidani Kilichovaliwa Kabla ya Siku Yake

Jirani yangu ni mke wa mtu wa bandarini, Mkristo kutoka bara, mwanamke mwema ila hodi kwake haijui njia. Siku hiyo aliingia tu, simu mkononi, akaninyooshea usoni.

"Bibi, tazama mjukuu wako alivyopendeza. Kaweka picha sasa hivi."

Nilikuwa nimejilaza mkekani, mguu nimeuegemeza juu ya kiroba cha makopa ya muhogo. Wiki ile nilikwenda shambani kuokota korosho, nikakanyaga bibo lililooza, nikateleza, kifundo kikavimba kama boga. Ndiyo maana mjukuu alikwenda harusini peke yake. Harusi ilikuwa Rahaleo, ya binti wa mwenzetu mmoja chamani, na mimi nikabaki Mtawanya na mguu wangu.

Nikaisogeza simu mbali kidogo, maana macho yangu yanataka nafasi. Kweli alipendeza. Gauni la kitenge alilishona mwenyewe, limemkaa, mikono imevimba mabegani kama ya bibi harusi. Kakaa kwenye jamvi, kacheka meno yote. Na shingoni kavaa kidani changu.

Baada ya hapo sikuona kitu kingine kwenye picha ile. "Kidani changu," nikasema.

"Mbona umeshtuka?" jirani akauliza. "Kwani kakiiba?"

"Hajaiba. Kinakaa kwenye kopo, na kopo halina kufuli."

"Sasa tatizo nini? Si shanga tu?"

Nikamwuliza, je, kule kanisani kwao mtu akivaa lile vazi la padri akaenda nalo harusini, watasema ni kitambaa tu? Akafikiri. Akasema hapana, hawatasema hivyo. Kisha akauliza watu wetu watamfanya nini mjukuu wangu. Mimi nilikuwa natafuta kilemba tayari.

Niseme kidogo, ili anayesoma asipotee. Yanayoonekana na kila mtu nitayasema, ya ndani nayaacha ndani.

Chama chetu ni cha wanawake. Tuna ngoma yetu na nyimbo zetu, na watu wakituona harusini wanadhani kazi yetu ni kukata kiuno tu. Wafikiri hivyo hivyo. Ukizaa, tupo. Ukifiwa, tupo tangu maji ya kwanza kutelekwa. Ukifa, sisi ndio tunakuosha, na sisi ndio tunajua ulikuwa na kovu wapi na hatusemi. Mwanamke asiye na dada, dada zake ni sisi.

Kidani ndicho alama yetu. Shanga nyekundu na nyeupe, na katikati kipande cha shaba kilichopigwa mviringo. Shanga hizo ziko sokoni, hata mtoto anaweza kununua na kutunga. Kwa macho hazina kitu. Lakini huvai mpaka uvishwe, na kabla ya kuvishwa unatumika. Unateka maji kwenye misiba ya watu usiowajua. Unakuna nazi mpaka kidole kinachubuka. Unakaa nyuma ya jamvi unaitikia nyimbo na huruhusiwi kuanzisha hata mmoja, hata kama sauti yako ndiyo nzuri kuliko zote. Nami yangu ilikuwa nzuri, niliumia sana. Ukishavishwa nako kuna adabu yake: kwenye furaha shaba inakaa kifuani, kwenye msiba inageuzwa ikakaa kisogoni. Shambani hakiendi. Hakiazimishwi.

Anayekuvisha ni somo wako, yule anayekufundisha, na somo hawi wa damu yako. Mama hamvishi binti, bibi hamvishi mjukuu. Waliopanga hivyo hawakuwa wajinga. Wa damu atakuonea huruma, atakukunia nazi.

Na mtu akikivaa kabla? Hapo ndipo ninapokionea fahari chama changu. Hatumfokei. Hatumvui, kwa sababu kumvua mtu kitu mbele za watu ni sawa na kumvua nguo. Mwanachama mmoja huinuka, akavua kanga yake mwenyewe, akamfunika mabega mpaka kidani kisionekane. Basi, yameisha. Wageni watadhani mtoto wa watu ana homa. Lakini yule aliyefunika amejitwika. Kuanzia hapo huyo ni mwali wake: atamfundisha, atamvisha siku ikifika, atakuwa mama yake mpaka mmoja wao aingie kaburini.

Asipofunikwa? Chakula kikija, akala na sisi jamvini shaba ikiwa wazi kifuani, tunasema amekula kavu. Aliyekula kavu havishwi tena maisha yake. Na mimi wa damu siruhusiwi kumfunika, wala kukivua. Mkono wangu ukikivua, nimesema mwenyewe kwamba hastahili, na bibi akishasema hivyo nani atabisha?

Sasa mjue na huyu mjukuu. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto hajajua hata kufunga kamba ya kiatu. Nimemlea mimi, kwa mihogo na korosho na mdomo wangu. Dada hana. Mume wake anayo kazi ya ulinzi kwenye mitambo ya gesi huko Mnazi Bay, anarudi kwa zamu, akirudi analala. Mtoto ana mikono ya ajabu. Mpe kitambaa kilichokatwa vibaya na fundi mwingine, atakifanya nguo na utasahau kilikuwa nini. Sare za chama chetu nani anashona? Yeye. Lakini nguo haikuoshi ukifa. Nilikuwa nawaza kila siku, mimi nikiondoka huyu atabaki na nani? Atabaki na cherehani. Nilikuwa naomba siku moja mwenzangu mmoja aniambie, "Nipe yule mtoto nimchukue." Haombwi mtu jambo hilo, kwetu ni mwiko. Unangoja. Nilikuwa nangoja, na sasa mtoto mwenyewe kaenda kukalia jamvi letu na shaba kifuani.

Jirani akaniitia bajaji. Kila shimo la barabara lilipita kwenye kifundo changu. Kijana wa bajaji akaniuliza kama nakwenda hospitali. Nikamwambia nakwenda kula pilau, aongeze mwendo.

Nilipofika turubai lilikuwa limejaa, muziki unapigwa, watoto wanakimbizana katikati ya viti. Jamvi letu huwa pembeni, upande wa wapishi. Niliwaona wenzangu kabla hawajaniona. Mmoja anatazama hina ya mkono wake kana kwamba imeandikwa kitu. Mwingine anafunga upya kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. Mkuu wetu kakaa wima, macho kwa wapishi. Na katikati yao mjukuu wangu, anang'aa.

"Bibi," akasema, "si nilikuambia ulale? Mguu wenyewe huo."

"Mguu hauli pilau." Nikakaa karibu yake taratibu, nikateremsha sauti. "Kidani kimekujaje shingoni?"

Akakishika, akafurahi kuulizwa. "Si kwenye ile harusi nyingine, yule mama aliyekuwa anaumwa? Walileta kanga yake wakaitandika mahali pake jamvini, mkaituza kama vile yupo. Nikasema nitakuletea na wewe. Halafu nikatazama kanga zako, bibi, zote zina matobo. Nikachukua kitu chako kizuri. Na nikaona kukitandika chini si heshima, bora nikivae. Ili na wewe uhesabike umekuja."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi kwenye bajaji. Yote yakayeyuka. Kweli kanga hutandikwa, hiyo aliiona kwa macho yake. Na kwamba kidani si kanga, nani angemwambia? Ya jamvini hayasemwi nje ya jamvi.

Mkuu wetu akanisogelea, akaniuliza chini kwa chini bila kunitazama. "Mama, hukumfundisha mtoto?"

"Nilimfundisha kushona, kufunga mwezi na kusema kweli. Haya mengine mlinikataza."

Akatikisa kichwa kidogo. Hakuwa na ubaya. Naye amefungwa kama mimi: mkuu hafuniki, kwa sababu mkuu ndiye anayeshuhudia.

Wala wale wengine siwalaumu, nasema kweli. Kubeba mwali si kubeba kikapu. Wengi wetu tumezeeka, magoti yanalia, kila mtu ana wajukuu wake ndani wa kulisha. Nikawapitia mmoja mmoja kwa macho. Huyu ana presha. Huyu ana wali wawili wa kufundisha tayari na hawalali wakigombana. Huyu wa pembeni kabisa ni Myao, mtani wangu mimi Mmakonde. Huyo alimzika mwali wake wa mwisho, mtoto aliyefia kwenye uzazi, akaapa mbele yetu kwamba hachukui mwingine. Nikampita.

Wapishi wakaanza kupakua. Harufu ya pilau ikaja, na binti mmoja akaja na birika na beseni, akaanza kunawisha upande wa mwisho wa jamvi.

Nikarudi kwa Myao.

Kuomba ni mwiko, nimesema. Lakini utani hauna mwiko. Mtani unaweza kumtukana msibani juu ya jeneza na akacheka. Nikakohoa.

"We Myao," nikasema, jamvi zima lisikie. "Nasikia siku hizi unalala na hiyo kanga yako mchana na usiku, unaogopa panya wataichukua."

Hakugeuka. "Panya wa kwangu hawana shida na kanga. Wamejificha tu, wamesikia Mmakonde kaja, wanaogopa kuliwa."

Watu wakacheka. Mjukuu wangu naye akacheka, maskini, hajui.

"Yenyewe imepauka," nikasema. "Hata maneno yake hayasomeki."

"Na yangesomeka, ungeyasoma wewe? Shuleni uliishia kuchora yai."

"Ningesomewa na mjukuu wangu. Huyu anasoma, anashona, na akitukanwa ananyamaza. Nyie Wayao mnaye mtoto wa namna hii?"

Hapo vicheko vikakatika. Kila aliyekuwa kwenye jamvi lile alielewa nimesema nini. Mtani haombwi, anachokozwa, na mimi nilikuwa nimemchokoza mpaka mwisho wa kamba.

Myao akageuka akanitazama. "Nilikuwa naye," akasema. "Nimemzika."

Birika lilikuwa limefika kwa yule wa presha. Nilisikia maji yanavyoanguka kwenye beseni. Ningekuwa rafiki yake tu ningesema pole na mambo yangeishia hapo, naye angenisamehe na asingeinuka. Mimi si rafiki yake. Mimi ni mtani wake.

"Najua," nikasema. "Tulimwosha wote. Na ulimwosha vibaya, maji yote ukanimwagia mimi. Nilirudi nyumbani nimelowa kuliko marehemu."

Mashavu yake yakatikisika. Nilidhani ananililia, kumbe ni kicheko kinatafuta mlango, na kilipotoka kilitoka na machozi yake. Akajifuta kwa pindo la kanga.

"Mmakonde huyu hana adabu," akamwambia mkuu.

"Hana," mkuu akasema. "Tangu zamani."

Birika likafika kwa mjukuu wangu. Akanyoosha mikono. Nikatazama chini, sikutaka kuona.

Nikasikia magoti. Magoti ya yule mwanamke yakiinuka yanalia kama mlango wa ghala. Nilipoinua macho alikuwa kasimama katikati ya jamvi, anafungua kanga yake. Chini yake alikuwa kavaa gauni la zamani lenye kiraka kikubwa kiunoni, kitambaa cha rangi nyingine kabisa, na uzi wa rangi nyingine tena. Ndiyo sababu kanga ile ilikuwa haimtoki mwilini. Sasa watu wa harusi nzima wanaona kiraka. Hakujali. Akamtandazia mjukuu wangu mabegani, akaivuta mbele, akaikunja mara moja chini ya kidevu.

"Baridi," akasema.

Jua lilikuwa la saa saba, turubai linachemka.

"Sisikii baridi, mama," mjukuu akasema kwa adabu.

"Utasikia. Nawa mikono."

Mmoja wetu akapiga kigelegele, kisha wote. Upande wa pili watu wa bwana harusi wakadhani bibi harusi anatoka, wakainuka na simu zao kupiga picha, wakatazama mlangoni hakuna mtu. Mimi nilikuwa nimekamata kifundo changu kwa mikono miwili. Maumivu ya mguu nilikuwa nimeyasahau, yakarudi yote kwa pamoja.

Tukala. Mjukuu akala na kanga ya Myao mabegani, jasho linamtiririka, hakuthubutu kuivua. Katikati ya chakula Myao akamnong'oneza kitu. Mtoto akakoma kutafuna. Uso ukabadilika, akanitazama, macho yakajaa. Kisha akaingiza mikono chini ya kanga, na baada ya kitambo kidogo nikahisi kitu kinawekwa kwenye kiganja changu, kina joto la shingo yake. Nikakifumba. Hakuna aliyeona, au wote waliona na hakuna aliyetazama, ambayo kwetu ni kitu kimoja.

"Bibi, sikujua," akaniambia kwenye bajaji ya kurudi.

"Kama ungejua, ningejua."

"Nimekuaibisha?"

Nikamwambia angeniaibisha kama angekwenda harusini na gauni la kununua. Akanilalia begani mpaka Mtawanya.

Lakini kabla hatujaondoka Myao alikuwa keshasema yake. Alisimama karibu na bajaji na kiraka chake, akamwambia mtoto, "Kesho uje kwangu, na uje bila mdomo wa bibi yako." Mimi hakuniaga. Watani hawaagani vizuri.

Akaenda. Na kesho yake tena. Siku hizi akifunga kibanda chake cha ushonaji sokoni, mguu wa kwanza ni kwa Myao. Msiba ukitokea Rahaleo au Mtawanya yuko kwenye maji, yuko kwenye nazi, yuko nyuma ya jamvi anaitikia. Mikono ile laini ya kushika hariri imeanza kuota sugu. Mimi namwona kwa mbali, nimekaa mbele na wazee wenzangu. Akikosea wimbo nang'ata ulimi wangu mwenyewe.

Ambacho sikukitegemea ni hili. Zamani kila kitu alikuwa ananiambia mimi. Mume kanuna, mteja kakataa nguo, tumbo linauma. Sasa nikimwuliza jambo ananiambia, "Mama kasema ningoje kwanza." Mama. Mara ya kwanza kulisikia neno lile nilidhani anamsema binti yangu aliye kaburini, nikashtuka. Kumbe anamsema Myao. Niliingia ndani nikachagua mchele ambao tayari ulikuwa umechaguliwa.

Juzi nimepita kwa Myao. Sikuwa na shida ya kupita, njia yangu ni nyingine, ila mguu ulijiendea. Nikawakuta uani. Mjukuu wangu kachutama anaosha mchele wa watu wengi, na Myao kamsimamia juu.

"Unaosha au unaubembeleza? Maji yale yale unayarudia. Wafiwa wale mchanga?"

"Nakuja kubadilisha, mama."

"Utakuja kubadilisha lini, tukishazika?"

Mtoto yule mchele nilimfundisha mimi. Anaosha vizuri kabisa. Maneno yalinifika kwenye meno, nikayafunga. Wa damu hasemi.

Myao akaniona. "Umefuata nini, Mmakonde? Panya leo hatuna."

"Maji ya kunywa. Nina kiu."

"Mwali," akasema bila kumtazama, "mletee mgeni maji."

Mjukuu wangu akainuka, akafuta mikono, akaenda ndani. Akarudi na kikombe juu ya kisahani, akapiga goti mbele yangu kama mbele ya mtu asiyemjua, akanipa kwa mikono miwili, macho chini. Hivyo ndivyo mwali anavyompa mgeni maji, na hakukosea hata kidogo. Nikayapokea. Nikasema asante, mwanangu, nikayanywa yote mpaka mwisho.